Maisha ya Feodor Chaliapin, Mwimbaji wa Sauti Nzito

Feodor Chaliapin alizaliwa mwaka 1873 mjini Kazan, Urusi, baba yake akiwa karani maskini. Utotoni alitiwa kwa fundi viatu ajifunze kazi, lakini moyo wake ulikuwa katika kuimba. Alipokuwa Tiflis hana kitu, mwalimu Usatov aliisikia sauti yake nzito, akamfundisha pasipo malipo. Kwa msingi huo alipanda hata akaimba katika jumba la Bolshoi, Moscow, tangu mwaka 1899. Milan mwaka 1901. Na Paris mwaka 1908, alikosifiwa sana kwa kuigiza Mfalme Boris Godunov.

Mwaka 1922 aliiacha nchi yake, wala hakurudi akiwa hai. Mwaka 1927 alitoa fedha kuwasaidia watoto maskini wa Warusi waliokimbilia Paris. Kwa sababu hiyo serikali ya kwao ikamvua cheo cha Msanii wa Umma. Alifariki Paris mwaka 1938. Mifupa yake ilipelekwa Moscow mwaka 1984, na mwaka 1991 alirudishiwa cheo chake.

Ndugu wanachama, aliyefundishwa bure hakuwasahau wenye shida, ijapokuwa wema huo ulimpotezea heshima kwao.