JOHN WESLEY NA FEZA YAKE



Jina la John Wesley tunalisikia mara nyingi juu ya mahubiri yake na juu ya Wametodisti. Leo tunataka kueleza upande mwingine wa maisha yake, ule wa feza, kwa sababu hapa masomoni feza inakwisha mbio kuliko sabuni.

Wesley alizaliwa mwaka wa 1703 katika Epworth, Uingereza. Baba yake Samuel alikuwa mchungaji wa Kanisa la Uingereza. Nyumba yao ilikuwa na watoto wengi, na madeni mengi vilevile. Mwaka wa 1705, John akiwa mtoto wa miaka miwili, baba yake alifungwa gerezani huko Lincoln juu ya deni ambalo halikufika paundi 30. Mchungaji mzima, anayejulikana na watu wote, alilala gerezani, na Mama Susanna alibaki peke yake na watoto! Mtoto aliyekomaa katika nyumba kama hiyo hakuhitaji mwalimu wa kumweleza deni ni kitu gani.

Mwaka wa 1720 Wesley aliingia chuo kikuu cha Oxford, na mwaka wa 1726 alichaguliwa kati ya walimu wa Lincoln College. Sasa alikuwa na feza yake mwenyewe, na sawa kijana yeyote alipenda chumba chake kiwe kizuri. Akanunua picha za kutundika ukutani. Siku moja ya baridi kali msichana akafika kwake, mmoja wa watoto maskini ambao Wesley na rafiki zake walikuwa wanawasaidia wasome. Alikuwa anatetemeka. Alivaa gauni jepesi la kitani, na hakuwa na nguo ingine. Wesley akatia mkono mfukoni ili ampe feza ya nguo, akakuta karibu hamna kitu. Akaangalia picha zake, na aibu ikamshika: alikuwa amevalisha ukuta, na mtoto wa watu anakufa baridi. Jambo hilo hakulisahau, hata katika uzee wake alilieleza katika mahubiri.

Tuangalie vizuri, wandugu. Picha si dhambi. Ubaya ni kwamba feza ilitoka pasipo kufikiri, na shida ilipopiga hodi, haikuwapo tena.

Wesley alieleza pia habari za kijana mmoja wa Oxford, asitaje jina, lakini watu wanajua kwamba ni yeye mwenyewe. Kijana huyo alipata paundi 30 kwa mwaka. Akatumia 28, akatoa 2 kwa maskini. Mwaka wa pili alipata 60, akatumia zile zile 28, akatoa 32. Mwaka wa tatu alipata 90, akatoa 62. Mwaka wa ine alipata 120, akatoa 92. Feza ilipanda, lakini 28 haikupanda. Sisi tunafanya namna gani? Mjomba akituma kidogo, tunakula mikate. Akituma mingi, tunakula nyama ya kuchoma na soda, na tunaita rafiki. Mwisho wa juma wote tuko sawasawa: mfuko mtupu.

Tena Wesley hakudharau feza kidogo. Mwaka wa 1742, huko Bristol, waamini walikuwa na deni juu ya nyumba yao ya mikutano. Walikubaliana kila mtu alete peni moja kwa juma. Waligawanywa watu 12 kwa kundi, na mkubwa wa kundi alizunguka kuzikusanya. Asiye na kitu, mkubwa wake alimlipia. Peni 240 zilifanya paundi moja, basi kundi moja lilipata paundi nzima kwa majuma 20. Mwaka wa 1746 alianzisha London sanduku la kukopesha maskini: mtu alipewa mpaka shilingi 20, akarudisha kidogo kidogo kila juma kwa miezi mitatu. Sanduku lilianza na paundi 30 na kitu, na kwa mwaka na nusu lilisaidia watu zaidi ya 250, kwa sababu kila feza iliyorudi ilitoka tena kwa mwingine.

Vitabu vyake viliuzwa sana na kumletea feza mingi, lakini hakubadilika. Mwaka wa 1776 wakubwa wa kodi walimwuliza juu ya vyombo vyake vya feza. Alijibu kwamba ana vijiko viwili London na viwili Bristol, basi. Kila alichopata na kutumia aliandika katika kitabu cha hesabu, na aliacha tu mwaka wa 1790, mkono ulipochoka. Alikufa tarehe 2 Machi 1791, akiwa na miaka 87. Aliagiza wanaume maskini sita wabebe mwili wake, na kila mmoja apewe paundi moja.

Sisi tunaoandika hii tuko na aibu yetu wenyewe. Baba alitupa feza ya kulipia mtihani wa Serikali, na kwa kuwa siku ya kulipa ilikuwa mbali, tulianza kuipunguza kwenye kantini, leo biskwi, kesho soda. Hatukununua kitu kimoja kikubwa. Siku ilipofika, feza haikutosha, na mama akauza mbuzi. Mbuzi yule alikuwa wa minerivali ya ndugu yetu mdogo.

Kwa hiyo tunashauri mambo matatu. Siku ya kupokea feza, kata kwanza ile ya matumizi, na isiongezeke. Andika kila franka inayotoka. Na kila darasa lianzishe sanduku lake, kidogo kila juma, chini ya mkono wa mwalimu, juu ya mwenzetu atakayegonjwa ao kufukuzwa sababu ya minerivali. Mwaka wa sita tumeanza Jumatatu iliyopita.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa sita