Hayati Sokoine na Nguvu Kazi
Hayati Edward Moringe Sokoine, mzaliwa wa Monduli mwaka 1938, alikuwa Waziri Mkuu kuanzia 1977 hadi 1980, akarejea Februari 1983. Mwaka huo ilipitishwa Sheria ya Nguvu Kazi. Tunawaomba watumishi wa Serikali, na ndugu zetu wa visiwani, waitafakari. Mijini wasio na kazi walikamatwa wakapelekwa mashambani, wengi walirudi. Aliyesinzia ofisini, majalada yakimrundikia mezani, sheria ilimhesabu mfanyakazi! Mkulima wa Nyantakara, huku Biharamulo, hakungoja kuamshwa na sheria. Alingoja jembe na pembejeo, vilivyopitia meza hiyo hiyo. Sokoine hakuwavumilia wakubwa wazembe, lakini tarehe 12 Aprili, 1984, akitoka Bungeni Dodoma, alifariki katika ajali ya gari huko Dakawa, Morogoro.