Georg Schweinfurth, mtu aliyeuliza kisu kimetoka wapi



Siku moja wakati wa mapumziko mwenzetu alituonyesha kisu cha babu yake. Nyumbani kwao wanakitumia kukata muhogo. Ni kisu kipana, kizito, na mpini wake umefungwa waya mwembamba wa shaba. Tukamuuliza: nani alikifua? Kina jina gani? Babu yako alikipata kwa nani? Hakujua. Na sisi wengine, tukifikiri visu vya kwetu nyumbani, tukaona kwamba hatujui pia. Kwa hiyo katika namba hii tumeona vema kusimulia maisha ya mtu mmoja wa zamani ambaye maswali kama haya yalikuwa sehemu kubwa ya kazi yake.

Mtu huyo ni Georg Schweinfurth. Alizaliwa tarehe 29 mwezi wa kumi na mbili 1836 katika mji wa Riga, ulio leo katika nchi ya Latvia. Wakati ule Riga ilikuwa chini ya mfalme wa Urusi, lakini jamaa yake walikuwa Wajerumani. Baba yake alikuwa mchuuzi wa divai. Kijana hakupenda biashara, alipenda majani na maua. Akasoma elimu ya mimea huko Heidelberg, München na Berlin. Kwa hiyo, msifikiri kwamba alikuja Afrika kutafuta panga na visu. Hapana, alikuja kutafuta mimea. Lakini mtu aliyezoea kuuliza jina la kila jani, na mahali linapoota, hawezi kuona kisu kizuri akapita tu bila kuuliza.

Safari yake kubwa ilianza mwaka 1868, kwa msaada wa mfuko wa Humboldt wa Berlin. Mwanzo wa 1869 alitoka Khartoum akapanda mto Naili Nyeupe, akaingia nchi ya Bahr el Ghazal. Wakati ule hakukuwa njia nyingine ila kufuatana na wachuuzi wa pembe za ndovu, na wengi wao walifanya pia biashara ya watumwa. Schweinfurth aliuchukia utumwa, lakini alikula, alilala na kutembea chini ya ulinzi wa watu wale. Jambo hili tuliandike wazi, maana maisha ya mtu si mema tupu.

Kila mahali alipofika alikaa karibu na wahunzi. Kwa Wabongo alichunguza tanuru zao za udongo, jinsi wanavyopanga mkaa na mawe ya chuma, na jinsi wanavyovukuta. Kwa Wazande aliona silaha ambayo haifanani na kisu cha Ulaya hata kidogo: chuma chenye mikono kadhaa, kila mkono una makali, kinachukuliwa ndani ya ngao na kutupwa vitani. Wachuuzi wa Khartoum walikiita trumbash. Schweinfurth hakukubali jina hilo bila kuliuliza. Akagundua kwamba ni neno la upande wa Sennar, katika Sudani, na kwamba kwa haki ni jina la kipande cha mti chenye makali ambacho watu wa huko wanatupa. Si neno la Wazande. Wazande wenyewe wanasema kpinga.

Na iko jambo la ajabu zaidi. Baadaye wakusanyaji wa Ulaya walilichukua neno lile lile wakalibandika juu ya kisu kingine kabisa, kile kilichopinda kama mundu cha Wamangbetu, ambacho hakitupwi. Mpaka leo wauzaji wengi wa vitu vya kale wanakiita hivyo. Mnaona? Kisu kikiachana na watu wake, kinapewa jina la mwingine.

Tarehe 19 mwezi wa tatu 1870 Schweinfurth alifika kwenye mto Uele, akavuka, akaingia katika mji wa mfalme Mbunza wa Wamangbetu. Alikaa huko majuma matatu hivi. Mfalme alimpokea katika ukumbi mkubwa sana uliojengwa kwa miti na majani, na mikuki mingi ya shaba tupu ilipangwa mbele ya watu ionekane utukufu wake. Mkononi mwake Mbunza alishika kisu cha shaba kilichopinda kama mundu. Hakikuwa cha kukatia kitu, kilikuwa alama ya ufalme. Schweinfurth alikichora pamoja na mfalme mwenyewe.

Tena aliingia kwa wahunzi. Akaona kwamba mivukuto ya Wamangbetu haikufunikwa ngozi, bali majani ya mgomba yaliyotokoswa katika maji ya moto mpaka yakawa laini kama hariri. Kwa vifaa vichache hivyo walifua visu na minyororo ambayo yeye aliihesabu sawa na kazi ya mafundi wa Ulaya. Siku zile wengi kule kwao walisema Waafrika hawana ufundi. Yeye aliandika kinyume chake, na kitu kikawa ushahidi mkononi mwake.

Basi, tufike kwenye siku yake mbaya. Mwezi wa kumi na mbili 1870, alipokuwa amerudi katika kituo cha wachuuzi, moto ulishika nyumba za nyasi, na kwa upepo kituo chote kikaungua. Vitabu vyake vya kila siku, vipimo vyake, wadudu aliowakusanya, na vitu vya mafundi alivyoleta kutoka Uele, karibu vyote viliteketea. Saa na vyombo vya kupimia navyo vikaharibika. Mwingine angelia na kurudi kwao. Yeye alianza upya. Kwa kuwa hakuwa tena na chombo cha kupimia njia, alihesabu hatua za miguu yake, akaziandika, na kwa miezi ile hesabu ikapita hatua milioni moja.

Aliporudi Ulaya aliandika habari za safari, ikatoka 1874. Mwaka 1875 akatoa kitabu kingine, jina lake Artes Africanae, chenye picha za visu, mikuki, ngao, vyungu na viti. Chini ya kila kitu aliandika ni cha watu gani na cha kazi gani. Katika maneno ya mwanzo alionya kwamba inafaa kufanya haraka, maana bidhaa za viwanda vya Ulaya zitafika na kuzima ufundi wa wenyeji. Na mfalme Mbunza aliuawa mwaka 1873, katika vita na watu wa Khartoum. Michoro ikabaki shahidi.

Hakuwa mtu asiyekosea. Alifikiri mto Uele unakwenda mpaka ziwa Chad. Na hapa habari yake inafika mlangoni petu: Stanley, aliyepigana na watu wetu wa Basoko tarehe 1 mwezi wa pili 1877, alipoona ukubwa wa mto Aruwimi alidai kwamba huo ndio Uele wa Schweinfurth. Wote wawili walikosea. Katika miaka ya 1880 safari za Junker, Van Gèle na Grenfell, yule aliyefariki hapa Basoko tarehe 1 mwezi wa saba 1906, zilionyesha hatua kwa hatua kwamba Uele unaingia Ubangi. Mto kama kisu: ukikisia tu unakotoka na unakokwenda, unakosea.

Yako pia makosa mazito. Alikusanya mafuvu ya watu ili kuyapima, na aliandika habari za kula watu kwa namna iliyowaaibisha Wamangbetu kwa miaka mingi. Mbunza alimpa kijana mmoja Mwaka, jina lake Nsewue, kwa kubadilishana na mbwa. Schweinfurth alitaka kumpeleka Ulaya. Kijana alikufa kwa ugonjwa huko Berber mwaka 1871, mbali na msitu wake. Tunasikitika tukilisoma hili. Kisu kinaweza kubadilishwa na kitu, lakini mtu hawezi.

Watu wa baadaye waliendeleza maswali yake. Kati ya 1909 na 1915 Herbert Lang wa makumbusho ya New York alikusanya vitu vingi sana katika nchi ya Uele, pamoja na visu vyenye mpini wa kichwa cha mtu. Wanunuzi walisema ni mtindo wa kale kabisa. Lakini wachunguzi walipolinganisha na michoro ya Schweinfurth waliona kwamba mwaka 1870 mtindo huo haukuonekana sana, na kwamba vingi kati ya vile visu vilifuliwa kwa ajili ya wageni. Bila yule aliyeandika mapema, nani angeweza kujua?

Schweinfurth aliishi miaka mingi Kairo, ambako alianzisha chama cha jiografia mwaka 1875, kisha akarudi Berlin. Akafa tarehe 19 mwezi wa tisa 1925, umri wake miaka 88. Kaburi lake liko ndani ya bustani ya mimea ya mji ule.

Sasa tunarudi kwenye kisu cha mwenzetu. Wazee wetu wa Basoko walikuwa wahunzi, na kazi yao ilisifiwa na wageni. Visu vyao vingi viko mbali, na mara nyingine karatasi iliyofungwa juu yake inasema Kongo tu. Vile vilivyobaki watu wanakuja kuvinunua, na kijana mwenye shida anauzisha kwa bei ndogo. Hatuwezi kumzuia kila mtu. Lakini tunaweza kuuliza kabla mzee hajalala.

Wakati wa likizo, kila mmoja wetu achukue daftari aandike mambo matano: jina la kisu katika lugha ya nyumbani, nani alikifua, nani alikishika, kilikuwa cha kazi gani, na kilifikaje katika nyumba ile. Tena akichore. Si lazima mchoro uwe mzuri. Mwenzetu amekwisha kwenda kumwuliza bibi yake. Amerudi na jina la kisu, na jina la kijiji cha mhunzi, mahali ambapo hatukujua kama paliwahi kuwa na mvukuto. Tumeyaandika yote mawili.