Sheikh Al-Amin na Karatasi Yake

Huku Donholm, Nairobi, vijana watengenezao kurasa za intaneti hubishana: zipambwe au ziachwe wazi? Mimi humkumbuka marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1891. Mwaka 1930 alitoa Sahifa, karatasi ndogo ya Kiswahili kwa hati za Kiarabu. Jina lenyewe ni ukurasa tu! Mwanachuoni wa daraja yake angeweza kujipamba kwa Kiarabu kizito, lakini alitaka hata mchukuzi wa bandarini afahamu. Mwaka 1932 ikafuata Al-Islah. Tangu 1937 alikuwa Kadhi Mkuu, hadi alipofariki 1947, Mungu amrehemu. Makala za Sahifa zilikusanywa kitabuni, Uwongozi, nazo zasomwa mpaka leo.