Elizabeth Fry, Mama wa Wafungwa

Msharika aliyewahi kupita lango la Butimba kuwaona wafungwa amepita njia ya mama huyu. Alizaliwa Norwich, Uingereza, mwaka 1780, katika Kanisa la Marafiki, akajaliwa watoto 11. Mwaka 1813 aliingia gereza la Newgate, London, akakuta wanawake wamesongamana pamoja na watoto wao. Mwaka 1817 yeye na wenzake waliwafundisha watoto kusoma na mama zao kushona. Walikuwapo waliomlaumu kuwa ameitelekeza nyumba yake. Lawama hiyo, twadhani, baba asingetupiwa. Biashara ya mumewe ilifilisika mwaka 1828, naye hakuyaacha magereza. Mchungaji Fliedner wa Ujerumani, aliyejifunza kwake, alianzisha Kaiserswerth mwaka 1836 nyumba iliyo chimbuko la madiakonisa wetu. Mama Fry aliitembelea mwaka 1840, akafariki mwaka 1845.