Bell na risasi ya Prezida

Wale wenu wanaotembeza detekta juu ya udongo munajua ile taabu: mashine inalia, unachimba, hakuna kitu. Taabu ile iliwahi kumupata Alexander Graham Bell, yule wa telefone, na nyuma yake kulikuwa uzima wa mtu.

Bell alizaliwa Edinburgh, Scotland, mwaka wa 1847. Mama yake alikuwa hasikii vizuri, na bibi yake Mabel alikuwa kiziwi. Ndugu zake wawili walikufa na kifua kikuu, njo wazazi wakamupeleka Canada mu 1870. Akafundisha viziwi kule Boston, na mu 1876 akapata haki ya telefone. Ile tunaijua wote. Tuseme ya 1881.

Tarehe 2 Julai, ku gare ya Washington, Prezida Garfield wa Marekani alipigwa risasi. Moja ikabaki mu mwili. Wanganga waliitafuta na vidole visivyosafishwa, hawakuipata. Bell akaleta bobini mbili bapa, moja imepanda kidogo juu ya ingine. Mu ya kwanza anapitisha umeme wa kukatika-katika, ya pili anaifunga ku telefone. Ukizipanga vizuri, sauti inazimika. Chuma ao risasi ikikaribia, usawa unavunjika, sikio linasikia. Detekta nyingi za leo zingali zinafuata wazo lile.

Alijaribu ku nyama ya ngombe, tena ku waaskari wazee wenye risasi za vita mu mwili. Ilifanya kazi. Lakini tarehe 26 Julai, ku kitanda cha Prezida, ikapiga kelele bila kuacha. Kumbe kondensateri ilifungwa upande mmoja tu wa waya! Akatengeneza, akarudi tarehe 1 Agosti. Safari hii sauti hafifu ikasikika pahali pakubwa, bila kuonyesha risasi iko wapi. Nyuma akaambiwa: chini ya godoro kulikuwa godoro ingine ya nyaya za chuma.

Wengi wanamalizia hadithi hapo, kitanda njo kilikosa. Lakini Bell alitafuta godoro sawa ile, akaipima, akaona si yenyewe ilimuharibia kazi. Sisi tunaona neno kubwa ni lingine. Munganga mukubwa, Bliss, alishasema risasi iko kuume, na Bell aliachiwa kupima upande ule tu. Garfield alikufa tarehe 19 Septemba. Walipopasua mwili, risasi ilikuwa kushoto.

Katikati ya mambo yale, tarehe 15 Agosti, Bell na Mabel walipoteza mtoto wao Edward, siku ileile aliyozaliwa. Hata vile Bell hakuacha: akatengeneza sindano iliyofungwa ku telefone, ikigusa risasi mu mwili munganga anasikia. Wanganga waliitumia mbele ya picha za X kupatikana mu 1895.

Alikufa Canada tarehe 2 Agosti 1922. Wakati wa kumuzika, telefone zote za Amerika ya kaskazini zilinyamazishwa dakika moja.