Robert Koch na maumivu ya mtu mweusi



Mwaka jana nilipata ajali ya bodaboda pale Makambako. Mi nilivunjika mkono, mzungu tuliyegongana naye akachubuka goti. Tukapelekwa kituo kimoja cha afya. Mzungu akachomwa sindano ya maumivu kwanza. Mi nikaambiwa nivumilie, eti sisi wa huku tumezoea shida. Na aliyeniambia ni mweusi kama mimi! Mpaka nafika Njombe kufungwa hogo bado nalitafakari lile neno. Hivi hii imani imetoka wapi?

Kusoma kwangu kukanifikisha kwa Robert Koch. Tulimsoma sekondari kwenye Biolojia. Alizaliwa Clausthal, Ujerumani, mwaka 1843. Tarehe 24 Machi 1882 akatangaza kuwa amegundua kijidudu cha TB, ndiyo maana Siku ya TB Duniani ni tarehe hiyo. Akafuatilia kipindupindu Misri na India, na 1905 akapewa Nobeli. Hapo sina ubishi naye.

Ila kuna habari ambayo darasani hatukuambiwa. 1906 alikuja Afrika Mashariki kutafuta dawa ya malale, akapiga kambi visiwa vya Ssese, Ziwa Victoria, upande wa Uganda. Dawa yake iliitwa Atoxyl, ina aseniki ndani. Alipoona dozi ya mwanzo haimalizi ugonjwa, akaipandisha. Wagonjwa wakapata maumivu, kizunguzungu na kichefuchefu, wengine wakatoroka. Zaidi ya 20 wakapofuka kabisa. Akashauri pia wagonjwa watengwe kwenye makambi. Akafa 1910 na sifa zake zote.

Tuwe wakweli, malale ilikuwa inamaliza watu kwa maelfu na dawa ya maana haikuwepo. Lakini mgonjwa akikimbia sindano, ameshasema kwamba inauma. Nani alimsikiliza?

Na huku kwetu chini ya Mjerumani, amri ya mwaka 1896 iliruhusu Mwafrika kuchapwa viboko hadi 25 kwa mkupuo. Waarabu na Wahindi hawakuguswa. Yaani maumivu nayo yalipangiwa madaraja kwa rangi ya ngozi.

Msidhani yamepita. Mwaka 2016, Virginia, Marekani, watafiti waliwahoji wazungu wanaosomea udaktari. Karibu nusu walikubali angalau imani moja ya uongo, kama ile kwamba ngozi ya mweusi ni nene zaidi. Hao ndio waliokadiria maumivu ya mweusi kuwa madogo kuliko ya mzungu.

Kinachoniuma mimi ni kwamba siku hizi hatuhitaji hata mzungu atuambie. Tunaambiana wenyewe, tena tunaita uvumilivu. Mama analia leba anaambiwa anajidekeza. Wadau, mkono wangu umepona, ila siku nyingine nikiulizwa nitasema wazi kwamba inauma, na nitadai sindano.